Nimestaafu, Sasa Nataka Kusoma Chuo Kikuu: Maswali Yenu na Majibu

Wiki hizi barua nyingi zilizokuja kwenye kona hii zinaulizia jambo moja, wazee kurudi kusoma, na sio kusoma kisomo bali chuo kikuu kabisa. Nimechagua tatu, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana imegusa mambo mengi ambayo wengine pia mmeyauliza.

SWALI: Mwanangu hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Tabora, nina miaka 61. Nilisoma mpaka kidato cha nne nikaenda ualimu nikapata cheti cha Daraja A, nimefundisha mpaka nimestaafu na chaki yangu mkononi. Digrii niliitamani siku zote ila watoto walikuwa wanasoma, ukimaliza ada ya huyu inakuja ya yule, basi ikabaki hivyo hivyo. Sasa wote wana kazi zao na mimi nina muda. Nataka kusoma historia. Wanangu nikiwaambia wanacheka, wanasema mama pumzika, nani atakuajiri. Chuo watanipokea kwa umri huu? Nianzie wapi, na hela ya kiinua mgongo itatosha? – Mama wa Tabora

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Nianze na la umri maana naona ndo linalokunyima raha. Chuo kikuu kinapokudahili kinaangalia vyeti vyako, hakiangalii umezaliwa mwaka gani. Umri unakuja kukwamisha sehemu moja tu, kwenye mkopo, kwa sababu Bodi ya Mikopo imeweka kikomo cha umri ambacho wewe umeshakipita zamani, kwa hiyo mkopo wa serikali usiuhesabu kabisa kwenye mipango yako. Hilo likishaeleweka mengine yote yanazungumzika.

Chuo ambacho ningekuambia uanze nacho ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, na toka mwanzo kimewekwa kwa ajili ya watu ambao hawawezi kuacha nyumba na shughuli zao waende kukaa hosteli. Makao makuu yako Kinondoni Dar es Salaam lakini kila mkoa una kituo, Tabora kipo, kwa hiyo huna haja ya kupanda basi kwenda kupanga chumba mjini na vijana wa miaka ishirini. Unasomea nyumbani, siku za kukutana na walimu ana kwa ana unaenda kituoni, na mitihani unafanyia huko huko. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba unalipia kozi ulizosajili, mwaka huu ukijisikia kuchukua chache kwa sababu mguu unauma au mjukuu amekuja kukaa na wewe, unachukua chache, hakuna anayekukimbiza umalize ndani ya miaka mitatu.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri mama kwa sababu ndo watu wanapopotezeana muda na hela. Cheti cha Daraja A pamoja na kidato cha nne havikuingizi digrii moja kwa moja. Mitaani utaambiwa kuna faundesheni pale Huria, ukisoma mwaka mmoja unaingia digrii, ni kweli faundesheni ipo, ila kwa miongozo ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, haitoshi yenyewe peke yake, kwanza uipasi kwa wastani unaotakiwa alafu uwe pia na kitu cha kuibeba, kama kidato cha sita chenye alama kidogo au stashahada. Mwenye kidato cha nne tu akilipia faundesheni bila kuuliza hili anakuja kugundua mwishoni kwamba mlango bado umefungwa, na hela imeshaenda. Uliza kabla hujatoa hata shilingi.

Kwako wewe naona njia mbili. Ya kwanza ni kusoma stashahada ndo uende digrii, ni ndefu lakini imenyooka. Ya pili wengi hawaijui, ni utaratibu wa TCU wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, kwa kifupi wanauita RPL. Huu umewekwa kwa watu wa aina yako hasa, waliofanya kazi miaka na miaka ila vyeti havifiki. Unaandaa faili la ushahidi wa kazi zako, unafanya mtihani, ukifaulu unapata sifa ya kuomba digrii. Mtu aliyefundisha maisha yake yote ana vitu vya kuweka kwenye faili hilo: barua za ajira na za kupandishwa daraja, vyeti vya semina, maandalio ya masomo, kama uliwahi kuwa mwalimu mkuu au mratibu wa elimu kata weka na hizo barua. Usitupe karatasi yoyote ya kazini mama, hata ile unayoiona imechakaa. Mtihani usiuogope ila usiudharau pia.

Na kuna njia ya tatu ambayo mimi naipenda kwa mtu anayesema anataka kujua historia na sio anataka cheo. Vyuo vina kozi fupi, Huria wana taasisi yao ya elimu endelevu inayoshughulika na mambo hayo, kwa hiyo ulizia kituoni kwako kuna nini kwa sasa. Huo utakuwa mwanzo mzuri, unapima macho yako, unapima mazoea ya kukaa na kitabu, unajua kama kweli unataka miaka kadhaa ya namna hiyo. Sisemi hivi kukushusha, joho ni haki yako na kama unalitaka lifuate mpaka ulivae, ila jiulize kwanza unataka joho au unataka kujua mambo, maana gharama zake hazifanani.

Kuhusu kiinua mgongo nasema wazi: mkupuo usiuguse kwa ajili ya ada. Tumia kile cha pensheni ya kila mwezi, ndo maana nimeusifu huo mpango wa kulipia kozi kidogo kidogo. Mkupuo ni wa paa likivuja na ni wa hospitali. Na hao watoto wanaocheka, wape kazi, mmoja alipie bando, mwingine anunue miwani mpya, mtu akishatoa hela yake kwenye jambo anaacha kulicheka.

Jambo la vyeti usilichelewe. Kama jina la kwenye cheti cha kidato cha nne ni la kwa baba yako na vitambulisho vina jina la mume, hilo litakusumbua, nenda kwa wakili mapema uandae kiapo cha majina na ukiambiwa inatakiwa dipoli, yaani hati ya kisheria ya kubadili jina, usishtuke, watu wengi sana hasa kina mama wamepitia hapo. Cheti kikiwa kimepotea fuatilia NECTA, yaani Baraza la Mitihani, sasa hivi, usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe.

La mwisho kwako ni simu. Masomo mengi sasa yako onlaini, noti zinapakuliwa, kazi unazituma kwenye mfumo wa chuo. Niliwahi kumkuta mzee mmoja kituoni, mkoa mwingine, ana kaunta buku la kwaya mbili limejaa maandishi mazuri ya mkono kama ya kwenye daftari la hesabu, kazi yote ameifanya vizuri ila hajui kuipandisha, simu ameishika mbali na uso anatafuta pa kubonyeza, pembeni kijana wa miaka ishirini na kitu anamwelekeza, babu bonyeza hapo, hapana hapo juu. Ikaingia. Alafu yule kijana akamwomba mzee amsomee swali lake la insha amwambie limekaaje, na mzee akavuta kiti. Kwa hiyo tafuta kijana wako wa namna hiyo mapema, akufundishe kufungua barua pepe, kupakua faili, kuhifadhi na kulitafuta tena. Mengine utayajua humo humo.

SWALI: Habari dada. Baba yangu ana miaka 68, alikuwa dereva wa malori, aliishia darasa la saba. Anakaa na sisi hapa Kimara na kutwa nzima anasikiliza redio na kubishana siasa. Juzi kasema anataka kwenda "Mlimani" kusoma. Nimwambieje bila kumvunja moyo? – Juma, Dar

JIBU: Juma, usimwambie haiwezekani, mwambie ukweli wa njia ilivyo. Kwa darasa la saba kuna mtihani wa maarifa, QT, akiufaulu anaweza kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa maandalizi nendeni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Taasisi hiyo yenyewe ilizaliwa na chuo kikuu, ilianza 1960 kama tawi la Makerere la masomo ya nje, ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaja kusimama yenyewe kwa sheria ya 1975. Kizazi cha baba yako kinaikumbuka enzi hiyo, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu walikuwa wanakaa vikundi kusikiliza redio ya "Mtu ni Afya" na kujadiliana. Mzee wako na redio yake ametokea huko.

Ila wakati anafikiria QT, mpeleke huko Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hata wiki ijayo kukiwa na muhadhara wa wazi. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani nafasi ya uprofesa iliyopewa jina lake, kimekuwepo pale toka 2008, mwenye kigoda wa kwanza alikuwa Profesa Issa Shivji, na tamasha lake limekuwa likifanyika ukumbi wa Nkrumah na watu wa kawaida wanaingia, wanakaa, wanauliza maswali. Mtu anayependa kubishana siasa atakuta watu wa kubishana nao waliosoma, na atarudi na mambo ya kukusimulia mpaka usiku. Fuatilia matangazo ya chuo, na siku hiyo nenda naye, usimwache getini.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mzee wa Mombasa, nilikuwa karani bandarini. Sitaki digrii, sitaki mtihani, nataka kusoma na wenzangu tu. Kuna chuo cha hivyo?

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu, shikamoo. Kipo, na kimeanza muda. Mwaka 1973 pale Toulouse, Ufaransa, profesa Pierre Vellas alifungua kwenye chuo kikuu masomo ya wastaafu, wakayaita chuo kikuu cha umri wa tatu, yaani umri baada ya utoto na baada ya kazi. Waingereza walipoichukua miaka ya themanini mwanzoni wakaibadilisha, wakatoa wahadhiri wakabaki wanachama wenyewe: aliyekuwa mhandisi anafundisha daraja linavyosimama, aliyekuwa muuguzi anafundisha sukari na presha, kesho yake anayefundisha ndo anakuwa mwanafunzi. Hamna mtihani wala cheti.

Wewe Kenya unatoka nchi ya mzee Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84 kule Eldoret, mwaka uliofuata akazungumza Umoja wa Mataifa New York kuhusu elimu ya msingi ya bure. Na Mombasa mna baraza, wazee wanakaa jioni wanachambua mashairi na habari za dunia, yaani nusu ya kazi mmeshaifanya. Kinachobaki ni kupanga mada na siku. Wewe uliyekuwa bandarini anza na meli na mizigo, miaka ile ya majahazi ilikuwaje, kontena zilipokuja makuli walifanywa nini, hayo vijana wa chuo hawana pa kuyapata isipokuwa kwenu. Alafu mwandikieni mkuu wa idara ya historia kwenye chuo kilicho karibu, barua fupi ya ukurasa mmoja, muombe mhadhiri mmoja kwa mwezi na chumba cha Jumamosi. Wekeni majina ya wanachama na kazi mlizokuwa mnafanya, hiyo orodha ndo itamfanya aijibu.