Kiwanja kimoja, wanunuzi wawili

SWALI: Nilinunua kiwanja kwa mkataba wa maandishi, nikalipa bei yote, nikakizungushia ua. Kabla sijahamisha hati kwa jina langu, muuzaji alikiuza tena kwa mtu mwingine, ambaye aliwahi kusajili. Sasa mtu huyo amenishtaki akitaka niondoke. Je, aliyetangulia kununua si ndiye mwenye haki?

JIBU: Ndugu msomaji, kanuni unayoitegemea ipo, tena ni ya kale: mtu hawezi kutoa haki asiyokuwa nayo. Tatizo ni kwamba, mahali ambapo umiliki huhama kwa usajili, mkataba na malipo vinakupa madai juu ya kiwanja, si umiliki wenyewe, na mwenzako alipokwenda kupekua daftari la ardhi alikuta bado jina la muuzaji. Mfumo wa Torrens, ulioanzishwa Australia Kusini mwaka 1858 na kuigwa katika nchi nyingi, ulibuniwa makusudi ili mnunuzi aliamini daftari bila kufukua mauzo ya miaka iliyopita. Penye mfumo wa namna hiyo, kutangulia kulipa peke yake hakutoshi.

Hata hivyo, usajili kwa kawaida haumkingi aliyeupata kwa udanganyifu, na sheria nyingi humlinda tu mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Hapa ndipo ua wako unapopata uzito. Mtu aliyefika kukagua kiwanja, akaona ua ambao muuzaji hakuujenga, kisha asiulize ni wa nani, atapata taabu kuishawishi mahakama kwamba alinunua kwa nia njema. Lakini ikiwa uliujenga baada ya yeye kununua, hoja hiyo inaanguka yote. Nakutahadharisha pia kwamba ziko sheria ambazo, mnunuzi kujua tu kwamba kiwanja kilishauzwa kwako, hazikuhesabu kuwa udanganyifu, hadi ithibitike kwamba mnunuzi alishirikiana na muuzaji kukudhulumu. Kwa hiyo kusanya kwanza vyenye tarehe: mkataba, stakabadhi za malipo, risiti za vifaa vya ujenzi, na majirani walioshuhudia ua ukijengwa.

Utetezi wako wa maandishi una muda maalumu, nao ukipita shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Pamoja na utetezi, wakili wako awasilishe madai kinzani, yaani madai yako dhidi ya aliyekushtaki, na aombe muuzaji aunganishwe katika shauri, kwa sababu ukishindwa kukipata kiwanja, yeye ndiye wa kukurudishia fedha na kukulipa fidia. (Wengi humsahau, wakabaki wanunuzi wawili wakivutana huku aliyewauzia ametulia kwake.) La haraka kuliko yote ni amri ya zuio, yaani ya mahakama kukataza kiwanja kisiuzwe shauri likiendelea, inayoandikishwa pia kwenye daftari la ardhi: kiwanja kikiuzwa mara ya tatu kwa mtu asiyejua lolote, hata ushahidi wako mzuri huenda ukakupatia fedha tu, si ardhi.