RIP bado iko kwenye ruta za ofisi: kuipima bila kuangusha matawi

Mkuu, umeuliza kama kuna hatari RIP (itifaki ya zamani ambayo ruta huitumia kutangaziana njia za kufikia mitandao) kuendelea kutumika kwenye ruta zenu za zamani wakati bosi anasema "huo ni mtandao wa ndani, nani ataingia?", na kama unaweza kuipima bila kuwakatia watu kazi. Nimewahi kufanya ukaguzi wa namna hiyo hapa Dodoma kwa taasisi yenye matawi Kibaigwa, Kongwa na Mpwapwa, kwa hiyo nakujibu kutokana na hapo.

Kabla ya yote, pata kibali cha maandishi kinachotaja ruta zipi na muda gani. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo au kunasa mawasiliano bila idhini ni kosa. "Nilikuwa najaribu tu" usiitegemee mbele ya hakimu.

Halafu sikiliza tu. Chomeka laptopu kwenye soketi ya kawaida, ile ya mapokezi hasa, usianzie chumba cha seva. Andika amri hii ya tcpdump, programu ya kusikiliza pakiti zinazopita; UDP 520 ndiyo bandari ya RIP:

tcpdump -ni eth0 -vv udp port 520

RIP hutangaza njia zake kila sekunde 30, kwa hiyo hutasubiri sana. Ukiona orodha ya mitandao ya matawi inapita hapo, bosi ameshajibiwa, na wewe hujatuma hata pakiti moja ya RIP. Toleo la kwanza, la mwaka 1988, halina uthibitisho wowote: anayetangaza anaaminiwa. Toleo la pili hutangaza kwenye anwani 224.0.0.9 na linaweza kubeba paswedi, ila ikiwekwa kwa maandishi ya wazi tcpdump inakusomea kama tangazo la msibani. Sisi tuliisoma hivyo hivyo, na ilikuwa jina la taasisi yenyewe. Pakiwa kimya, jaribu programu ya kuchunguza mitandao, nmap --script broadcast-rip-discover. Hiyo inatuma ombi, kwa hiyo iwemo kwenye kibali.

Sasa hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Fundi anaweka passive-interface, amri ya kunyamazisha matangazo, upande wa watumiaji, tcpdump inanyamaza, anaandika ripoti kwamba tatizo limeisha. Kwenye ruta za Cisco, amri hiyo kwa RIP inazuia kutuma tu. Masikio ya ruta yanabaki wazi. Itifaki nyingine za njia, OSPF na EIGRP, ni tofauti, maana huko ruta haifungi kabisa ujirani na kifaa cha upande huo. Kwa RIP, mtu wa mapokezi bado anaweza kutangaza njia ya uongo na ruta ikaipokea. Na asikudanganye mtu kwamba njia uliyoandika kwa mkono itakulinda. Akitangaza kipande chembamba zaidi, tuseme /25 (nusu ya anwani) ndani ya /24 yako, ruta itafuata kile chembamba, hata kama hesabu ya ruta za kupitia ni kubwa. Data za tawi zinapita kwake kwanza.

Kulithibitisha hilo usitumie mtandao ulio hai. Njia ya uongo haiondoki ukibonyeza Ctrl+C: kwa kawaida inakaa sekunde 180 bila tangazo jipya ndipo ihesabiwe imekufa. Siku ya mnada Kibaigwa, dakika tatu hizo utazikumbuka. Tengeneza mashine pepe mbili tatu zenye FRRouting (programu inayofanya kompyuta iwe ruta), nakili mpangilio wenu wa anwani, kisha tuma tangazo kwa Scapy, zana ya kutengeneza pakiti, na utazame show ip rip ndani ya vtysh, dirisha la amri la FRRouting. Picha ya skrini kutoka maabara inamtosha bosi.

Marekebisho: zuia UDP 520 inayoingia kutoka upande wa watumiaji kwa orodha ya ruhusa (ACL) ya ruta, acha passive-interface ibaki, na kati ya ruta na ruta weka uthibitisho wa MD5, ambao hautumi neno la siri kwa maandishi ya wazi, wenye neno refu. MD5 imezeeka, neno jepesi linaweza kuvunjwa na mtu aliyenasa pakiti, lakini ukishafunga upande wa watumiaji atazinasia wapi? Ruta inayojua toleo la kwanza tu, izimie RIP kabisa. Tawi lenye njia moja ya kwenda makao makuu halihitaji kutangaziwa chochote. Njia moja ya kudumu, iliyoandikwa kwa mkono, inatosha RIP ikiwa imezimwa, na huko Mpwapwa ndivyo tulivyofanya.