Maganda Unaokota, Je, Vizibo?

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, mimi kila nikimaliza kulenga shabaha naokota maganda yote ya katriji za bunduki yangu ya shotigani. Kwa nini tena ninunue katriji za bei ya juu, eti kwa ajili ya mazingira?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake halijanitoka akilini, maana najua wengi mnajiuliza hivyo hivyo.

Ganda unaliokota kwa sababu linadondoka miguuni pako. Kinachotuchafulia mashamba ni kizibo. Ndani ya katriji ya shotigani, kati ya baruti na marisau, yaani vile vipunje vinavyoruka kwenda kwenye shabaha, kuna kizibo kinachozuia gesi isipenye. Katika katriji nyingi za leo kizibo hicho ni cha plastiki na kimeungana na kikombe kinachobeba marisau hadi mdomoni mwa mtutu. Kikishatoka, mbawa zake zinafunguka, upepo unakipunguza kasi, nacho kinaangukia huko mbele: kwenye nyasi, kwenye matope, majini. Kila ukifyatua, kipande kimoja cha plastiki. Jua linakikausha, kinavunjikavunjika kuwa punje ambazo hakuna mtu atakayeziokota tena.

Mimi nilihamia vizibo vya nyuzi za mimea na kadibodi wakati karibu wenzangu wote uwanjani walikuwa wanatumia vya plastiki. Mmoja wao, mtu niliyemheshimu sana kwa shabaha yake, aliichukua katriji yangu, akaigeuzageuza mbele ya watu, akasema hiyo ni ya mtu asiyejali kukosa. Wakacheka. Siwafichi, yale maneno yananiuma hadi leo. Sikubishana naye. Nilitundika karatasi kubwa, nikachora duara la inchi 30, nikarudi nyuma yadi 40, kipimo kile kile walengaji wanachotumia kupima mtawanyiko wa marisau, nikafyatua katriji zake na zangu. Zangu zilitawanyika zaidi kidogo, na mtutu ulichafuka zaidi. Lakini ndani ya duara hapakuwa na pengo ambalo sahani ya udongo, ile shabaha inayorushwa hewani, ingepita salama. Msimu ule ule nilimshinda kwa pointi, na karatasi ile ninayo. Baadaye mwenye shamba tunapolengea akakataza plastiki kabisa kwa sababu mifugo yake inalisha pale, na waliocheka ndio wakaanza kuniuliza nanunua katriji za aina gani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: angalia kizibo kabla ya kitu kingine chochote. Wa pili: kizibo hakichaguliwi bila kujua marisau yametengenezwa kwa nini, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Marisau ya madini ya risasi ni laini, kizibo cha nyuzi kinayatosha, ila risasi yenyewe ni sumu kwa ndege na kwa maji. Chuma hakina sumu hiyo, lakini ni kigumu na kinakwaruza mtutu, ndiyo maana kinahitaji kikombe. Denmark ilipiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1996, wawindaji wakahamia chuma, na kwa miaka mingi kikombe cha kubebea marisau ya chuma kilikuwa ni cha plastiki tu. Tatizo moja lilitoka, jingine likaingia. Bismathi, metali nyingine, nayo ni njia: uzito wake ni gramu 9.8 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, kati ya chuma chenye 7.9 na risasi yenye 11.3, na ulaini wake unaruhusu kizibo cha nyuzi. Bei yake ndiyo inayouma.

Mwaka 2020 mashirika 9 ya uwindaji na mashamba nchini Uingereza yalitangaza nia ya kuachana na marisau ya risasi pamoja na plastiki za kutupwa katika uwindaji wa shotigani ndani ya miaka 5. Siku hizi unaweza kupata katriji za chuma zenye vikombe vya kadibodi nene au vinavyoyeyuka majini. Sababu ya kusema haiwezekani imekwisha, ndugu zangu.

Ila usikubali neno "inaoza" likisimama peke yake kwenye boksi. Uliza inaoza wapi, kwa joto gani, na inaacha nini. Ile plastiki ya wanga wa mimea, PLA, inataka joto la karibu digrii 60 za Selsiasi kwenye mitambo ya mboji ndipo ioze vizuri; kwenye udongo wa baridi inakaa miaka. Ile inayosemwa kuvunjwa na jua inaweza kukuachia vipande vidogo zaidi vya plastiki ile ile. Ukiona hivyo, rudisha boksi rafuni.

Usifungue katriji ukabadilisha kizibo mwenyewe kwa kubahatisha. Kizibo kikibadilika, mgandamizo ndani ya mtutu unabadilika, na mtutu unaweza kupasuka usoni mwako. Nunua zilizojazwa kiwandani, na bunduki ya zamani ipeleke kwa fundi kabla ya kuitumia na chuma.

Maganda endelea kuyaokota, hata ya karatasi, maana kitako chake ni cha chuma au shaba na hakiozi. Na boksi zako zikae pakavu: kikombe kinachoyeyuka hakipatani na unyevu, na ganda la karatasi likivimba haliingii kwenye chemba, pale katriji inapokaa ndani ya bunduki.