Versailles ilizalisha kinyongo
Ndugu, umeuliza kwa nini Ujerumani ilirudi vitani miaka 20 tu baada ya Mkataba wa Versailles, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa maoni yangu, mkataba ule wa 1919 uliidhalilisha bila kuivunja nguvu. Kifungu cha 231 kiliitwika lawama ya vita, na mwaka 1921 ikadaiwa fidia ya marki za dhahabu bilioni 132. Ilipochelewesha malipo, Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji zikaingiza majeshi Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani. Kinyongo kikapata wanasiasa wa kukichochea. Na Ufaransa ilijua uchungu huo: ilinyang'anywa na Ujerumani jimbo la Alsace mwaka 1871, haikusahau. Kila nikipita Kariokor, mtaa wa Nairobi uliorithi jina la wapagazi wetu wa vita ile, naumia. Walikufa kwa maelfu, kisha 1939 vijana wetu wakaitwa tena.