Jibu: Wakala kaniambia nianze kuandika, mkataba utafuata

Weka kalamu chini. Huyo wakala usimtumie hata ukurasa mmoja.

Unasema anataka vipindi sita vya komedi sasa hivi, makaratasi baadaye, na wewe umetulia eti "bila sahihi yangu kazi ni yangu". Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2019, hapahapa Malindi, najiona mjanja kuliko Nairobi nzima. Sikutia sahihi popote. Nikaandika vipindi 13 vya bibi muuza viazi vya karai anayewatukana watalii kwa Kiitaliano fasaha. Shilingi 15,000 kila kipindi, wakala akikata asilimia 30, kwangu ikifika 10,500 kwa M-Pesa. Nilinunua friji. Friji bado iko, mshukuru Mungu, ndiyo mirathi yangu.

Msimu wa pili ukatoka bila mimi. Bibi yangu wa viazi kahamishiwa soko la Gikomba, Nairobi, anauza mitumba na kusema "sasa buda" kwa Sheng ya mjini. Nyanya yangu mwenyewe, ambaye ndiye niliyemwigiza, akaniuliza: "Mjukuu wangu, Malindi nimekosa nini?"

Nikaenda kwa wakili kifua mbele. Akacheka kwanza, ndipo akanitoza. Akanifungulia Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31: kazi ukiagizwa na mtu, hata kama hujaajiriwa naye, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmepatana vinginevyo. Umeelewa? Ule ukimya niliodhani ni ngao yangu ndio ulionivua nguo. Kile kipindi cha kwanza ningekiandika mwenyewe kabla ya kuagizwa, nikakisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, walau ningekuwa na pa kushika. Mimi nilingoja simu ya wakala ndipo nikaanza.

Na yule wakala! "Ndugu yangu, tusiharibu undugu kwa makaratasi." Undugu wa asilimia 30! Kila nikiuliza ananisimulia Marekani, kwamba huko mwandishi hulipwa kila kipindi kikirudiwa. Kweli, lakini huko kuna chama cha waandishi wa filamu na televisheni, WGA, chenye mkataba wa wanachama wote, na mwaka 2023 waligoma siku 148 wakidai mkataba bora. Na mawakala wao huchukua asilimia 10. Hilo la 10 halikuwemo katika hadithi zake.

Kwa hiyo sentensi moja, kwa maandishi, sahihi zenu wote, kabla hujaandika "Onyesho la Kwanza": hakimiliki ya hati na wahusika inabaki kwa mwandishi, mtayarishaji anaruhusiwa kuitumia msimu huu, kila marudio yana malipo yake. Mtayarishaji akikataa, akitaka yote, sawa, auziwe, lakini kwa bei ya kuuza shamba, si ya kulikodisha. Wakala akisema unaleta ubishi, mwache apande basi la usiku arudi kwao.

Uliuliza pia programu ya kuandikia na jinsi ya kupanga bei. Programu, mimi naandika kwenye simu. Bei... ngoja, jana wamerudia kile kipindi changu cha harusi, nyanya ananiita tena.