Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Marehemu Baba

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yetu alikuwa mwalimu, naye ametuachia kompyuta ya 386 (yenye prosesa ya kizamani ya jina hilo) aliyoinunua mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na diskete za inchi tatu na nusu alizoziandika kwa mkono "Historia ya Ukoo". Kompyuta imekaa stoo zaidi ya miaka ishirini. Kijana mmoja hapa mtaani anashauri tuichomeke umeme tuone kama itawaka. Mwingine anasema tuitupe, kwa kuwa siku hizi kuna emuleta, yaani programu zinazoiga kompyuta za kale, zinazofanya kazi yote. Tumsikilize yupi? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Wote wawili wana haraka. Anzeni na diskete, kwa sababu kisomaji cha diskete kinachochomekwa kwenye USB kinatosha kuzisoma bila kompyuta ile. Kabla ya kuitia diskete humo, sogezeni kifuniko chake cha chuma, zungusheni kitovu taratibu na mmulike utando wa ndani kwa tochi. Kwa unyevu wa pwani, madoa meupe au ya kijivu mara nyingi huwa ni ukungu, na ukungu huo huchafua kichwa cha kusomea, nacho kikaja kukwaruza diskete zitakazofuata. Yenye madoa iwekeni kando mpaka isafishwe. Kwa zile safi, sogezeni kile kipande kidogo cha plastiki cha pembeni mpaka kitundu kiwe wazi, maana hapo ndipo diskete inapokataa kuandikwa, ingawa watu wengi hudhani ni kinyume. Kisha, kabla ya kufungua faili lolote, nakilini kila diskete nzima nzima, sekta kwa sekta (yaani kipande kwa kipande); programu ya ddrescue hufaa kwa kuwa huziruka sehemu mbovu na kuzirudia baadaye. Ikiwa mzee alitumia programu ya kuandikia ya WordPerfect 5.1, iliyotoka mwaka 1989, programu ya LibreOffice ya leo huyafungua mafaili yake.

Kijana wa emuleta hajakosea kabisa. Emuleta ya DOSBox huiga mazingira ya DOS, mfumo endeshi wa wakati ule, na kwa kusoma maandishi inatosha. 86Box huiga vifaa vyenyewe, kuanzia prosesa hadi kadi ya picha, na hudai nakala ya BIOS (programu ya msingi inayoiamsha kompyuta) ya mashine inayoigwa. Lakini emuleta huendesha kile tu kilichokwisha kunakiliwa, na rasimu ya mwisho ya historia yenu huenda imo katika diski kuu iliyo ndani ya kompyuta, si katika diskete. Diski kuu nyingi za wakati ule hazielewani na viunganishi vya USB vya leo, kwa sababu viunganishi hivyo huhesabu sekta kwa namba mfululizo, ilhali diski hizo zinajua tu anwani ya silinda, vichwa na sekta, yaani mahali data ilipo kwenye diski. Hiyo ndiyo sababu ya kuikarabati mashine, wala si mapenzi ya vitu vya kale.

Msiiwashe bado. Fungueni kasha mtafute, karibu na tundu la kibodi, betri yenye umbo la pipa dogo, mara nyingi ya buluu, iliyolehemiwa kwenye bodi kuu. Ni ya nikeli na kadimiamu, volti 3.6, na ikizeeka huvuja alkali inayokula njia za shaba. Ikateni hata kama inaonekana nzima. Penye ukoga wa kijani pakeni siki nyeupe kwa mswaki laini, suuzeni kwa maji yaliyokenekwa (huuzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari, ila muuzaji asiwape asidi ya betri kwa bahati mbaya), kisha kausheni kwa siku kadhaa. Fundi apime kila njia kwa mita na kuunga zilizokatika. Betri ya CR2032 inaweza kuchukua nafasi ile, ila sharti iwekewe dayodi (kipande kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu), kwa sababu bodi hujaribu kuichaji na betri hiyo haichajiwi. Andikeni pia idadi ya silinda, vichwa na sekta iliyo kwenye lebo ya diski kuu: betri ikifa, kompyuta husahau takwimu hizo, na katika BIOS nyingi za kampuni ya AMI huingizwa upya chini ya aina ya 47, ile anayoijaza mtumiaji mwenyewe.

SWALI: Nimenunua kompyuta ya zamani iliyotoka Marekani. Nilipoichomeka ililia paa na kutoa moshi. Je, imekufa? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Tazama nyuma ya pawa saplai kama swichi, kwa kawaida nyekundu, imeachwa kwenye volti 115. Ikiwa ndivyo, umeme wetu, ulio mkubwa karibu maradufu, umeipasua pawa saplai, na aghalabu bodi kuu husalimika. Ikiwa ilikuwa kwenye volti 230, huenda ni kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji) ya karatasi iliyopasuka kwa uzee, nayo hubadilishwa kwa bei ndogo. Mwachie fundi afungue, kwa maana kapasita kubwa za ndani huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa.