Jibu: Programu ya kupiga simu kwa video inakatalia ndugu yangu kiziwi, nifanye nini?

Jambo dada, unasema ndugu yako hapo Bukavu anafika kwenye kujiandikisha halafu inamukatalia, na anataka tu kupigia kliniki. Angalia kwanza pale inaomba adresi: hizo programu, zenye mukalimani wa luga ya alama anayetafsiria kiziwi kwenye simu, ni za Marekani, pesa ya wakalimani inatoka kwa mfuko unaosimamiwa na FCC (shirika la serikali ya Marekani la mawasiliano), kwa hiyo ni lazima mutu awe anakaa kule, telefone ya ndugu yako haina shida. Usiweke adresi ya mujomba anayekaa Marekani, wanahakikisha kila mutu. Na hata ikikubali, mukalimani angeongea Kingereza na nesi wa Bukavu, sasa itasaidia nini?

Sisi huku Goma tunafanya hivi: mukalimani wa alama anashika telefone mbili, moja iko WhatsApp video na kiziwi, ingine anapiga simu ya kawaida, anaweka sauti inje. Mara tu wanapopokea aseme "naongea kwa niaba ya mutu kiziwi, tafazali usikate", juu watu wengi wanazaniaka ni matapeli. Halafu aseme "mimi naumwa", si "yeye anaumwa", ndiyo nesi aongee na mugonjwa mwenyewe.

Ndugu yako asishike telefone mukononi, aiegemeze kwa kikombe, mikono yote ionekane mupaka kiunoni, mwangaza utoke mbele. Rezo ikiwa nzito picha inakatika katikati ya alama, heri asubuhi sana. Mukalimani uliza kwa shule ao kanisa ya viziwi, na tafazali mulipe, mutumie na mega za interneti.